Kodi, Huduma na Kuhama: Historia ya Kaya za Buha

Utangulizi

Wanahistoria wa nchi yetu wameandika mengi juu ya kuhama kwa watu. Tunasoma habari za waliokimbia njaa, za waliofuata malisho, za waliotawanywa na vita, na za waliochukuliwa kwenda kukata mkonge. Lakini iko sababu moja ya kuhama ambayo aghalabu hutajwa kwa maneno machache tu, nayo ni hesabu inayofanywa na kaya baina ya kile inachomtolea mtawala na kile inachokipata kwake. Mwenye nyumba hukaa na mkewe na ndugu zake wakaulizana: tukibaki hapa tutatozwa nini, na nani atatulinda? Tukienda kule tutapata ardhi, maji, shule au dawa, na kwa gharama gani?

Hesabu hiyo imewashughulisha pia wataalamu wa uchumi. Mwaka 1956 Mmarekani mmoja aitwaye Charles Tiebout alichapisha makala mafupi ambayo yamejadiliwa tangu hapo. Alitazama miji midogo iliyoizunguka miji mikubwa ya Marekani, kila mmoja ukiwa na kodi yake, shule zake, polisi wake na barabara zake. Akasema kwamba familia huchagua mji wa kukaa kama mnunuzi anavyochagua bidhaa sokoni: asiyeridhika na kodi au na huduma hufunga mizigo yake akaenda kwingine, na mji unaopoteza watu hulazimika kujirekebisha. Tiebout mwenyewe alikiri kwamba hoja yake yahitaji masharti. Watu wawe huru kuhama. Wajue habari za kila mahali. Na mahali pa kuchagua pawe pengi.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jambo hilo si geni kwetu. Watu wa Buha, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, walilijua karne nyingi kabla ya kodi ya fedha kufika. Tutaifuata historia yao kutoka enzi ya Mwami, kupitia kodi ya kibanda, vijiji vya malale na vijiji vya ujamaa, mpaka Nyarugusu ya Kasulu, ambayo msomaji asiichanganye na Nyarugusu ya Geita yenye machimbo ya dhahabu. Tutaona kwamba uhuru wa kuhama ulikuwa ndio sauti ya mnyonge mbele ya mtawala, na kwamba kila uhuru huo ulipofungwa, kodi iliendelea kutozwa lakini sikio la mtawala lilizibwa.

Mwami na watu wake

Buha ni nchi ya vilima na mabonde iliyoenea kutoka bonde la mto Malagarasi hadi mpaka wa Burundi. Mvua zake ni nyingi kuliko za sehemu nyingi za magharibi ya Tanzania, na mashamba yake hutoa maharage, mahindi, mihogo na ndizi. Kabla ya ukoloni nchi hiyo haikuwa na mtawala mmoja. Kulikuwa na Heru, Muhambwe, Buyungu, Luguru, Bushingo na nyinginezo, kila moja ikiwa na Mwami wake, na chini ya Mwami walikuwako watwale waliosimamia sehemu za nchi. Pamoja nao walikuwako abateko, wazee wa asili ya nchi waliohusika na ardhi na matambiko yake. Mtwale aliweza kuondolewa na Mwami, lakini muteko hakuwekwa na Mwami wala hakuondolewa naye, kwa maana uhusiano wake ulikuwa na udongo wenyewe.

Katika nchi ya namna hii ardhi ilikuwa tele na watu walikuwa wachache. Hilo ndilo jambo la kuzingatiwa kwanza. Utajiri wa Mwami haukupimwa kwa eneo la nchi yake. Ulipimwa kwa idadi ya mioshi iliyofuka asubuhi juu ya vilima vyake. Kila moshi ulikuwa kaya moja, na kila kaya ilileta sehemu ya mazao, pombe, asali au majembe, na ilitoa siku za kazi katika mashamba na ua wa mkubwa. Kwa upande wake mkubwa alitazamiwa kuamua mashauri kwa haki, kuwalinda watu na wavamizi, kufungua ghala wakati wa njaa na kusimamia ibada zilizoaminika kuleta mvua na rutuba.

Kadhalika palikuwa na bugabire. Mwenye ng'ombe, aghalabu Mtutsi, alimkabidhi Muha ng'ombe amtunze. Aliyekabidhiwa alipata maziwa na samadi, na pengine ndama, naye akawajibika kumtumikia aliyempa. Waandishi wengine wameuita mpango huo ukabaila mtupu, na kweli unyonyaji ulikuwamo. Hata hivyo hatuna budi kuona kwamba palikuwa na mlango wa kutokea. Mtu aliyeonewa aliweza kumrudishia mwenyewe ng'ombe wake akatafuta bwana mwingine. Vilevile kaya iliyochoshwa na mtwale mkali iliweza kuvuka bonde hadi kwa mtwale mwingine, hata kwa Mwami mwingine, ikaomba mahali pa kujenga. Aliyeipokea alifurahi, maana moshi mmoja ulikuwa umeongezeka kwake.

Tusidhani kwamba kuhama kulikuwa jambo jepesi. Aliyehama aliacha makaburi ya wazee, migomba iliyokwisha kuzaa na majirani waliojua asili yake. Alipofika ugenini alianza chini kabisa. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na usemi huo ulimtisha kila aliyefikiri kuondoka. Kwa hiyo wengi hawakuhama. Lakini haikuwa lazima wengi wahame. Ilitosha mtwale ajue kwamba wanaweza. Pale kaya tatu zilipoondoka katika msimu mmoja, mtwale mwenye akili alijiuliza kosa lake lilikuwa wapi.

Chumvi na hongo

Mifano miwili kutoka eneo hilo hilo itatusaidia kuona jinsi watu walivyoutofautisha ushuru wenye manufaa na ushuru usio na manufaa.

Mfano wa kwanza ni chumvi ya Uvinza. Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo wameonyesha kwamba chumvi ilikuwa ikichemshwa katika chemchemi hizo tangu karibu karne ya 5 au ya 6. Katika karne ya 19 watu wa makabila mengi, Waha wakiwamo, walifika Uvinza kila kiangazi, wakajenga vibanda, wakakata kuni na kuchemsha maji ya chumvi kwa majuma kadhaa. Watawala wa Kivinza walichukua sehemu ya chumvi ya kila mchemshaji. Ushuru huo haukuwafukuza watu. Walirudi mwaka baada ya mwaka, kwa sababu pale penye chemchemi walipata amani: watu ambao kwao walikuwa maadui walikaa jirani wakichochea moto, na hakuna aliyenyang'anywa mzigo wake. Walijua walichokuwa wakikilipia.

Mfano wa pili ni hongo. Njia ya misafara ya kwenda Ujiji ilipita katika Uha, na kila mkubwa aliyekuwa njiani alidai nguo kabla ya kuruhusu msafara upite. Novemba 1871 Henry Morton Stanley, akienda Ujiji kumtafuta Livingstone, alilipa hongo kubwa kwa mkubwa mmoja, akalipa tena kwa wa pili, kisha akaambiwa kwamba mbele wako wengine bado wanaomngoja. Aliona akiendelea hivyo atafika Ujiji mikono mitupu. Basi akapata kiongozi wa njia, akanunua chakula cha siku kadhaa, akatoroka na msafara wake usiku kupitia porini, mbali na vijiji.

Hatumtaji Stanley kwa kumtukuza, kwani vitabu vyake vimejaa dharau kwa watu wetu, na alichokiita unyang'anyi kilikuwa haki ya wenyeji kuutoza msafara uliopita katika ardhi yao na kutumia maji yao. Tunamtaja kwa sababu kisa chake chaonyesha udhaifu wa hongo. Kila mkubwa alitoza bila kujali mwenzake alitoza kiasi gani, na mwisho wake mlipaji aliiacha njia. Waliozidisha mno hawakupata kitu.

Kodi ya kibanda

Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji mwaka 1896. Mwaka uliofuata walitangaza kodi ya kibanda, ikaanza kukusanywa 1898, rupia 3 kwa kila kibanda cha shamba. Kwanza waliruhusu watu walipe kwa mazao au kwa kazi, baadaye wakataka fedha. Kodi hiyo haikupanda vilimani Buha mara moja, lakini ilipopanda ilileta jambo jipya kabisa.

Upya wake haukuwa katika kutoa, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kutoa. Upya ulikuwa katika mambo matatu. Kwanza, kodi ilidaiwa kwa kitu ambacho hakikuzalishwa Buha, yaani fedha. Pili, ilitozwa hata katika mwaka wa njaa, ambapo zamani ghala la Mwami ndilo lililofunguliwa. Tatu, palikuwa hapana tena pa kukimbilia. Aliyetoka Heru akaenda Muhambwe aliikuta kodi ile ile ikimngoja. Sehemu nyingi za Tanganyika watu walijibu kwa namna waliyoweza: walisongamana katika kibanda kimoja ili hesabu ya vibanda ipungue, hata Serikali ikaona heri kuhesabu vichwa.

Tena, sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imewaua ng'ombe wengi sana Afrika ya Mashariki, na kwa hiyo hazina ya kale ya kaya ilikwisha kutikisika kabla ya mtoza kodi kubisha hodi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wabelgiji waliitwaa Kigoma mwaka 1916 wakaishika mpaka 1921. Ndipo Waingereza walipoipokea, na mwaka 1922 wakatunga sheria yao ya kodi ya kibanda na kichwa.

Gavana Donald Cameron, aliyetawala tangu 1925 hadi 1931, alileta utaratibu wa kutawala kupitia watawala wa jadi. Ushuru wa kale wa mazao na kazi uligeuzwa kuwa sehemu ya kodi; zikaundwa hazina za serikali za wenyeji; na Mwami akawa analipwa mshahara kutoka katika hazina hiyo. Wengine husifu mpango huu kwamba uliheshimu mila. Sisi twaona kwamba uliivunja mila pale ilipokuwa na maana kubwa kuliko zote. Zamani Mwami aliishi kwa watu wake, na wakiondoka alipungukiwa. Sasa aliishi kwa mshahara, na aliyeweza kumpunguzia au kumwondoa alikuwa Bwana Shauri. Jina la cheo lilibaki lile lile, lakini macho ya mwenye cheo yalikuwa yamegeuka upande mwingine. Walikuwako watawala waliojitahidi kuwatetea watu wao ndani ya utaratibu huo, na Mwami Theresa Ntare wa Heru, mmoja wa wanawake wachache walioshika madaraka ya namna hiyo katika Tanganyika, anakumbukwa kwa heshima mpaka leo. Lakini wema wa mtu mmoja haubadili mwelekeo wa mfumo.

Kwa kuwa Buha haikupewa zao kubwa la fedha wala barabara za maana, fedha ya kodi ilipatikana mbali. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na reli hiyo iliwabeba vijana wa Kiha kwenda mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa mojawapo ya mikoa iliyotoa manamba kwa wingi. Wengine walikaa miaka, wengine hawakurudi.

Hapa twaona kuhama kwa sura nyingine. Kaya haikuchagua tena mtawala. Iligawanyika sehemu mbili. Mume alikaa kambini mkongeni akipata ujira na posho ya unga, mke alibaki kilimani akilima, akilea, na akimjibu mtoza kodi kwa niaba ya asiyekuwapo. Huduma zilizonunuliwa kwa kodi hiyo zilikuwa chache Buha, kwa sababu Serikali ya kikoloni iliiona nchi hiyo kuwa kisima cha vibarua, na hakuna anayejenga shule nyingi kisimani.

Wakati huo huo ng'ambo ya mpaka hali ilikuwa nzito zaidi. Katika Ruanda-Urundi Wabelgiji walitumia kodi, kilimo cha lazima, kazi za shuruti na kiboko. Warundi wengi walivuka kuja Tanganyika au kupanda kwenda Uganda. Kwa Mrundi aliyevuka, Kasulu na Kibondo zilikuwa nafuu. Kwa Muha aliyepanda gari moshi, Kigoma ilikuwa dhiki. Mahali pale pale pakimbiliwapo na mmoja hukimbiwa na mwingine, kila mtu kwa hesabu yake.

Malale na makazi ya pamoja

Kuanzia 1933 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wa sehemu kadhaa za Buha waliokaa wametawanyika katika nchi ya mbung'o, ikawakusanya katika makazi ya pamoja ili kuzuia malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua. Mahali palipofyekwa pakalimwa kwa ukaribu mbung'o hupungua, na watu waliokusanyika waliweza kupimwa na kutibiwa.

Lakini kwa mujibu wa somo letu tukio hili ni la kukumbukwa kwa sababu nyingine. Kwa mara ya kwanza huduma na kuhama vilifungwa pamoja kwa amri. Zamani watu waliifuata huduma walikoiona. Sasa mtawala aliwaambia huduma iko hapa, na hapa ndipo mtakapokaa. Aliyekusanywa alipata dawa na njia, akapoteza mashamba ya mababu, mizinga yake ya nyuki porini na haki ya kuchagua jirani. Vilevile ilikuwa rahisi zaidi kumhesabu kwa ajili ya kodi. Afisa wa afya na karani wa kodi walipita njia moja.

Baada ya Uhuru

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na vyeo vya watawala wa jadi vilipofutwa mwaka 1963, halmashauri za wilaya zilirithi kodi na kazi zote mbili: kutoza na kuhudumia. Nyingi zilishindwa, hasa katika wilaya maskini, kwani wilaya isiyo na zao la fedha ilikuwa na kodi ndogo, na kodi ndogo ilijenga shule chache. Hapa ndipo hoja ya Tiebout inapopata jibu lake kutoka nchi zilizotawaliwa. Mahali pakiachwa pajitegemee kwa kodi yake tu, penye kitu hupata zaidi na pasipo kitu hubaki nyuma. Taifa lililotangaza usawa katika Azimio la Arusha mwaka 1967 lisingeweza kukubali jambo hilo. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ilifutwa, na mwaka 1972, katika mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zenyewe ziliondolewa.

Mwaka huo huo wa 1972 ilianza Operesheni Kigoma. Kaya zilizotawanyika vilimani na mabondeni zilihamishiwa vijijini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 vijiji nchini vilikuwa zaidi ya 7,000. Katika nafsi za wazee wa Kasulu na Kibondo waliokwisha kuhamishwa kwa ajili ya malale, hii ilikuwa mara ya pili. Tukitaka kuwa wakweli hatuna budi kusema yote mawili. Vijiji vilileta shule, na elimu ya msingi kwa wote iliyoanza kutekelezwa 1977 iliwafikia watoto ambao wazazi wao hawakupata kuona ubao. Vilileta pia zahanati na visima. Lakini vilimweka mkulima mbali na shamba lake, wakati mwingine mwendo wa saa nyingi, na watu walihamishwa kwa haraka, wengine kwa nguvu. Mantiki ilikuwa ile ile ya 1933: huduma iko hapa, njoni hapa. Nia ilikuwa njema zaidi, lakini aliyeulizwa alikuwa mmoja tu, naye ni aliyetoa amri.

Halmashauri zilirudi kwa sheria ya 1982 zikaanza kazi 1984, na pamoja nazo ilirudi kodi, sasa kwa jina la kodi ya maendeleo. Watu wa umri mkubwa hawahitaji kusimuliwa. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba, vizuizi viliwekwa njiani siku za gulio, na asiyekuwa na stakabadhi alilala porini. Huko kulikuwa kuhama kwa usiku mmoja, kuhama kwa mtu asiye na pengine pa kwenda. Kosa lake kubwa halikuwa kiwango. Kosa lilikuwa kwamba mlipaji alionyeshwa stakabadhi, hakuonyeshwa darasa lililojengwa kwa fedha yake. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Ushuru wa mazao ulibaki. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na aliyesafirisha chini ya tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akasamehewa. Mwaka 2012 mkoa uliongezewa wilaya za Buhigwe, Kakonko na Uvinza, na hivyo mwananchi akasogezewa ofisi. Hatua hizi zaonyesha kwamba jambo walilolijua watu wa Uvinza halijapitwa na wakati: ushuru mwepesi unaoeleweka hauwafukuzi watu sokoni.

Nyarugusu

Novemba 1996, vita vilipowaka mashariki ya nchi iliyoitwa Zaire, maelfu ya watu wa Kivu Kusini, hasa wa Fizi na Uvira, walivuka Ziwa Tanganyika. Serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi ziliwafungulia kambi Nyarugusu, wilayani Kasulu, jirani na Makere. Kambi ya Lugufu ilipofungwa 2009, watu wake waliletwa Nyarugusu. Mwaka 2015 Warundi wengi waliingia, na Nyarugusu ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani.

Tukiitazama Nyarugusu kwa macho ya somo letu tunaona jambo la ajabu. Shule, hospitali, maji na mgawo wa chakula vilitolewa bila kodi ya aina yoyote. Mwenyeji wa vijiji vya jirani, aliyelipa ushuru na michango ya ujenzi wa shule, alimpeleka mgonjwa wake kutibiwa kambini. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa muda usemi huo ulitimia: wageni waliuza nguvu zao mashambani, wenyeji waliuza mihogo na ndizi, na masoko yakachangamka mpaka yalipobanwa kwa amri. Lakini mgeni huyo mwenye huduma zote hakuruhusiwa kwenda mbali na kambi bila kibali. Hakuchagua kambi wala mtaa, na mgawo ulipopunguzwa na wafadhili wa mbali hakuwa na mkutano wa kumhoji aliyepunguza. Mwenyeji alikuwa na haki ya kuhama na huduma chache. Mgeni alikuwa na huduma bila haki ya kuhama.

Isidhaniwe kwamba kaya za kambini ziliacha kupiga hesabu. Kila ilipotangazwa kwamba kwao kumetulia, mazungumzo yale yale ya kale yalirudi: je, shule ipo? Shamba limechukuliwa na nani? Nani anatawala na anatoza nini njiani? Hesabu hiyo hufanywa na kila mzazi, awe na uraia au asiwe nao.

Ushahidi mkubwa kuliko wote twaupata kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hao walipewa ardhi, wakalima na kujenga shule, na wakalisha hata wilaya za jirani. Mwaka 2007 waliulizwa: mwarudi Burundi au mwaomba uraia wa Tanzania? Wanne katika kila watano waliomba uraia, na mwaka 2014 watu wapatao 162,000 waliupata. Hapo kwanza walitakiwa wahame makazi yale wasambae mikoani, wengi wakasita, na baadaye wakaruhusiwa kubaki. Katika nadharia ya Tiebout mtu ni mnunuzi anayetembea na kikapu. Watu hawa walionyesha kwamba mtu akishazika wazee na kupanda miembe, mahali panakuwa pake, na uchaguzi anaoutaka zaidi ni ule wa kubaki na kusikilizwa.

Hitimisho

Tumeona katika makala haya kwamba watu wa Buha hawakupata kuipinga kodi kwa sababu tu ni kodi. Walimtolea Mwami, walitoa chumvi Uvinza, walichangia darasa. Walichokikataa ni kutoa bila kuona, na kutozwa na mtu asiyepungukiwa na lolote wao wakiondoka. Enzi ya Mwami uwezo wa kuhama ulimlazimisha mkubwa asikilize. Ukoloni uliufunga uwezo huo kwa kuieneza kodi moja kila mahali na kumpa Mwami mshahara. Makazi ya malale na operesheni za vijiji viliufunga kwa jina la huduma. Kambi iliufunga kwa jina la usalama.

Hatusemi kwamba taifa liwaache watu wazungukezunguke wakitafuta wilaya yenye kodi nafuu, wala kwamba Kibondo ishindane na Moshi kwa vifaa vya hospitali. Taifa moja lina wajibu wa kumpelekea mtoto wa Kakonko darasa lililo sawa na la mtoto wa Arusha, na ndiyo sababu sehemu kubwa ya gharama hizo hubebwa na hazina ya taifa. Tunalosema ni kwamba kadiri kuhama kunavyokuwa kugumu, ndivyo sauti ya mtu aliyebaki inavyopaswa kuwa na nguvu. Sheria zetu zimempa kila mtu mzima wa kijiji nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo usipoitishwa, au ukiitishwa hesabu zisisomwe, mwanakijiji amewekwa katika hali ya yule aliyelala porini kumkwepa mgambo: anatozwa, na hana pa kusemea.

Kwa hiyo mtendaji anayekusanya michango leo katika vilima vya Kasulu na akumbuke kwamba babu wa mtu anayemtoza aliweza kumkimbia mtwale kwa kuvuka bonde. Mjukuu hawezi. Kwa sababu hiyo ni lazima asomewe hesabu, aulizwe, na ajibiwe.